Kona ya Maswali: Python inachelewa, nihamie C?

Wasomaji wangu, maswali ya toleo hili karibu yote yamegota sehemu moja, mtu ana programu yake kwenye lugha ya skripti kama Python, inayosomwa mstari kwa mstari wakati inaendeshwa, inamchelewesha au inamletea matatizo, na pembeni kuna mtu anamwambia hamia lugha ya kompaila kama C, inayogeuzwa yote kuwa lugha ya mashine kabla ya kuendeshwa. Nimechukua matatu. La kwanza ntalijibu kirefu kuliko kawaida maana limenigusa, yaliyobaki kwa kifupi.

SWALI

Kaka habari za kazi, mi nipo hapahapa Tabora, Cheyo. Nipo na kikundi kinachonunua asali kwa wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua. Daftari za miaka mitatu nimezipiga zote kwenye kompyuta, majina kama 8,000, lakini mtu mmoja kaandikwa mara tatu nne, kila karani na spelingi yake, leo Ramadhani kesho Ramazani keshokutwa Ramadhan. Nimeandika programu ya Python inalinganisha kila jina na kila jina, inahesabu herufi ngapi zimetofautiana, zikiwa mbili au chini ya hapo inaniambia angalia hawa huenda ni mtu mmoja. Inafanya kazi vizuri tatizo inachukua saa moja na nusu, betri ya laptopu yangu inakaa saa moja, umeme ukikatika katikati naanza upya. Jamaa zangu wanasema tupa Python andika yote kwa C++, mwingine anasema Rust. Programu nzima ina mistari kama 900 na imenichukua miezi minne. Nifanyeje?

JIBU

Mdogo wangu, usitupe hata mstari mmoja. Programu inayofanya kazi, inayozijua daftari zenu zilivyo, inayojua karani yupi anaanza na mwezi badala ya tarehe, hiyo ni mali, na miezi minne yako imo humo ndani. Tatizo lipo ila ni dogo kuliko unavyodhani, huenda ni mistari 20 tu kati ya hiyo 900. Ngoja tupige hesabu.

Majina 8,000, kila moja na kila lingine, ni 8,000 mara 7,999 gawa kwa 2, unapata jozi 31,996,000. Tuseme milioni 32. Saa moja na nusu ni sekunde 5,400, kwahiyo kila jozi inakula kama maikrosekunde 170 (sekunde moja ina maikrosekunde milioni moja). Sasa hiyo hesabu ya kulinganisha herufi, wenyewe wanaiita umbali wa Levenshtein, kwa jina la Mrusi Vladimir Levenshtein aliyeichapisha 1965, inachora jedwali, jina moja juu jingine pembeni, alafu inajaza kisanduku kimoja kimoja. Jina kamili la mtu na la baba yake na la babu ni kama herufi 25, hivo visanduku ni 25 mara 25, yani 625. Gawa tena, kila kisanduku kinachukua kama maikrosekunde 0.27. Prosesa ya gigahezi 2 kwa muda huo inakuwa imeshazunguka zaidi ya mara 500. Mizunguko 500 kwa kazi ya kutazama herufi mbili na kuchagua namba iliyo ndogo kati ya tatu!

Inapotelea wapi? Kwenye C namba ya kawaida ni baiti 4, inakaa ndani ya prosesa yenyewe, ikijumlishwa imejumlishwa. Kwenye Python namba 1 ni kifurushi cha baiti 28, kina lebo ya mimi ni aina gani, kina hesabu ya wangapi wamenishika, alafu ndo namba yenyewe. Kila ukijumlisha, intapreta, yani programu inayotekeleza mistari yako, inasoma amri, inafungua vifurushi viwili, inasoma lebo, inatafuta aina hii inajumlishwaje, inaandaa kifurushi cha jibu, inarekebisha hesabu za walioshika. Ni kama kila kijiko cha asali unakitia kwenye dumu lake peke yake, unalipima, unabandika lebo, unaandika risiti, ndo unakimimina kwenye chai. Kompaila ya C hayo yote iliyamaliza siku ulipoikompaili programu, ilishajua hapa ni namba na hapa ni herufi, haiulizi tena. Lakini ndo uhuru huohuo wa Python uliokufanya umalize kwa miezi minne, hukuwa unatangaza aina za data, hukuwa unaomba memori na kuirudisha kwa mkono, ungekuwa kwenye C nadhani bado ungekuwa unahangaika kusoma daftari la kwanza.

Kwahiyo kwanza pima, usibahatishe. Chukua majina 500 tu, hayo ni jozi 124,750, kwa mwendo wako ni sekunde 20 na kitu, alafu endesha na profaila inayokuja na Python yenyewe:

python -m cProfile -s cumtime asali.py

Itakuonyesha kila fanksheni imekula muda gani. Nina hakika karibu wote utakuta umeishia kwenye ile moja ya kulinganisha. Tuseme ni asilimia 95. Gene Amdahl alishalieleza hili 1967, ukiharakisha sehemu moja ya kazi, ile uliyoiacha ndo inakuwa ukomo wako. Hata C ingeimaliza hiyo asilimia 95 kwa muda wa sifuri, ile 5 imebaki, ni dakika nne na nusu, yani umepata kasi mara 20 na hupati zaidi ya hapo. Na hiyo 5 ndo kusoma mafaili, kupanga tarehe, kuchapa ripoti, ndo mistari yako 880 ambayo jamaa zako wanataka uiandike upya kwa C++. Utamaliza mwaka kuhangaika na sehemu ambayo haikuwa inakuchelewesha.

Kabla ya lugha yoyote punguza kazi. Jina la herufi 12 na la herufi 19 haziwezi kutofautiana chini ya 7, iweje ulichoree jedwali zima? Weka mstari mmoja tu, urefu ukipishana zaidi ya 2 ruka. Kingine, kama mwisho wako ni 2 huna haja ya kujaza jedwali lote, jibu lolote la 2 au chini linapita kwenye ukanda mwembamba wa mshazari, visanduku 5 kila mstari, ni 125 badala ya 625. Hapo bado uko kwenye Python na kazi umeipunguza mara tano bila kuhesabu zile jozi ulizoruka. Angalia pia toleo lako, kama ni 3.8 au nyuma ya hapo panda, 3.11 iliyotoka 2022 wenyewe waliipima wakapata kasi imeongezeka kwa wastani wa asilimia 25 hivi kuliko 3.10.

Ila njia moja ya mkato usiifuate, watu wengi watakwambia linganisha yale tu yanayoanza na herufi ileile. Huku kwetu hapana kabisa. Hamisi anaandikwa Amisi, Ramadhani anaandikwa Lamadhani, Rehema anaandikwa Lehema, tena na karani yuleyule kwenye ukurasa mmoja. Wala usigawe kwa kijiji maana mfugaji anauza popote gari la wanunuzi lilipomkuta.

Haya sasa tuje kwenye lugha. Jamaa zako wamekuuliza Python au C++, mi nakwambia zote mbili na kila moja ikae sehemu yake. Mwaka 1998 John Ousterhout, aliyetengeneza lugha ya Tcl, aliandika makala akasema lugha za skripti na lugha za mfumo zina kazi mbili tofauti, za mfumo kama C unajengea vipande vyenyewe kuanzia chini, za skripti ni gundi ya kuviunganisha. Wengine walimpinga kwamba mpaka hauko wazi hivo na ni kweli hauko wazi sana, lakini kwa mtu mwenye programu mkononi kama wewe inasaidia kujua gundi ni ipi na kipande ni kipi. Kipande chako ni kulinganisha. Vingine vyote ni gundi, viache Python.

Na kipande hicho wenzako wameshakijenga. Ipo laibrari inaitwa RapidFuzz, ndani ni C++, nje unaiita kwa Python, unaiweka kwa pip, kisakinishi cha Python, mara moja, bando lake dogo. Ina fanksheni cdist, unaipa listi yako nzima na listi yako nzima, unaiambia itumie Levenshtein.distance, inakurudishia jedwali la umbali wote. Majina 8,000 mara 8,000 ni visanduku milioni 64, ukiiambia itumie baiti moja kwa kila kisanduku ni megabaiti 64, laptopu yenye GB 4 haitasumbuka. Iambie na mwisho ni 2, chochote kilichozidi itaandika 3 tu na kwenda jozi inayofuata. Jaribu hii kwanza kabla hujagusa kompaila yoyote.

Lakini nakuona we ni mtu wa kutaka kujua kinachoendelea ndani, na mi napenda ujue, kwahiyo ukitaka kuandika C yako mwenyewe iandike, mistari 30 inatosha. Kitu cha kushika ni kimoja na ndo wengi wanakosea, wapi unaweka mpaka. Kutoka Python kwenda C na kurudi kuna geti. Kila ukipita, Python lazima ifungue vifurushi vyake, ibadilishe namba na maandishi yawe vile C inavyoelewa, ikirudi ifunge tena. Unayajua mageti ya ushuru wa mazao barabarani, ukipita na ndoo moja moja unasimamishwa kila safari, ukipita na Fuso limejaa unasimama mara moja. Tuseme kila kupita ni maikrosekunde 1. Ukiipeleka C kazi ya kisanduku kimoja kimoja, hivyo ni visanduku bilioni 20, unapita getini mara bilioni 20, sekunde 20,000, saa tano na nusu! Umetumia C na umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa. Ukiipeleka jozi nzima unapita mara milioni 32, geti limekula nusu dakika, inavumilika. Ukiipeleka listi nzima unapita mara moja. Mtu akikwambia nimejaribu C haina faida muulize kwanza aliweka wapi mpaka.

Kuunganisha ni rahisi. Faili lako la C unalikompaili liwe laibrari, kwenye Linux ni hivi:

gcc -O2 -shared -fPIC umbali.c -o umbali.so

Kwenye Windows unatengeneza ya .dll. Alafu ndani ya Python unaifungua kwa ctypes, imo ndani ya Python tangu toleo 2.5 la 2006, hulipii wala hupakui chochote. Itangazie aina za vinavyoingia na kinachotoka kwa argtypes na restype, usiruke hatua hii, maana usipoiambia kitu ctypes inaamini kila fanksheni inarudisha namba nzima, kama yako inarudisha ya desimali utapata takataka, na haitakuonya.

Sasa nikusimulie lililonipata ili lisikupate. Nilikuwa nasafisha listi ya wanachama wa kikundi kimoja cha kukopeshana hapa Tabora, kazi kama yako hii. Nikaandika C yangu, ina kasi, nimefurahi. Baada ya wiki mbili akaja mama mmoja, jina lake lina ng', kanyimwa mkopo kwa sababu hisa zake hazijafika kiwango, na yeye ana uhakika zimefika. Kumbe yupo mara mbili kwenye listi, hisa nusu huku nusu kule, na programu yangu haikuwaona kuwa ni mtu mmoja. Karani mmoja alipiga jina kwenye kompyuta kwa kile kinukta cha juu cha kawaida kilichonyooka, mwingine alipiga kwenye Word, na Word inakigeuza yenyewe kinakuwa cha kupinda. Kwa macho ni kitu kilekile. Kwenye Python kila kimoja ni herufi moja kwahiyo tofauti ni 1. Lakini C yangu ilikuwa inahesabu baiti, na kwenye UTF-8, namna ya kawaida ya kuhifadhi maandishi, kile kilichonyooka ni baiti 1, cha kupinda ni baiti 3, tofauti ikawa 3, mwisho wangu 2, jina likapita pembeni. Nchi hii ya kina Ng'wandu na mtaa wa Ng'ambo, nilipaswa kulifikiria siku ya kwanza. Yule mama alirudishiwa haki yake lakini msimu wa kulima ulikuwa umeshaanza, na mkopo aliutaka wa mbolea. Bado inaniuma.

Kwahiyo usafi wa majina ufanye wote upande wa Python kabla ya geti, geuza vinukta vyote viwe vya aina moja, herufi zote ndogo, ondoa nafasi mbilimbili. Na ukiyapeleka C yapeleke kwa UTF-32, huko kila herufi ni baiti 4 sawasawa, hakuna ya kuzidi. Geuza mara moja kwa majina 8,000, usigeuze ndani ya lupu mara milioni 32.

La mwisho kwako. Python ikikosea inakwambia mstari gani. C ikigusa memori isiyo yake programu nzima inaweza kufa papo hapo, na Python ikafa nayo bila kusema neno. Washa faulthandler mwanzo wa programu, imo tangu 3.3, angalau itakuachia ujumbe wa Python ilikuwa mstari gani ilipozimika. Hapa ndo jamaa yako wa Rust ana hoja ya kweli, Rust inayakataa mengi ya makosa hayo wakati wa kukompaili, na kuna PyO3 ya kuiunganisha na Python. Ukiwa na muda jifunze, ni lugha nzuri sana. Ila usijifunzie kwenye kazi ambayo wafugaji wanasubiri malipo yao. Na wakati unahangaika na haya, kila ukimaliza majina 500 andika majibu kwenye faili, umeme ukikatika unaanzia ulipoishia.

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi, niko Ujiji Kigoma, nimeanza kujifunza Python peke yangu kwa simu na kompyuta ya kuazima. Kuna kaka mmoja hapa mtaani anajua sana kompyuta, ananiambia lugha za skripti ni za kuchezea, programa wa kweli anaanza na C. Nimekata tamaa kidogo. Nianze upya?

JIBU

Marahaba mwanangu. Usianze upya na usikate tamaa, na huyo kaka usimchukie maana nusu ya alichosema kina maana.

Hiyo Python unayoitumia imeandikwa kwa C. Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa 1991 na mpaka leo ile ya kawaida ni programu ya C inayosoma mistari yako na kuifanyia kazi. Lua, ya pale chuo kikuu cha kikatoliki cha Rio de Janeiro Brazil, 1993, iliandikwa kwa C makusudi kabisa ili iingizwe ndani ya programu za C, na imeingia kwenye magemu kibao, injini yenyewe ni C++ na zile kanuni za mchezo, nani akifanya hivi itokee vile, zimeandikwa Lua ili zibadilishwe bila kukompaili gemu zima. Kwahiyo hakuna cha kuchezea na cha kweli hapo. Zimekaa nyumba moja, mmoja yuko jikoni mwingine anapokea wageni.

We endelea na Python mpaka uwe na kitu kimoja kinachofanya kazi na mtu mwingine anakitumia, hata kama ni cha kumwandikia mama hesabu za dagaa pale Kibirizi, kapakia magunia mangapi na nani anamdai. Hiyo itakupa moyo kuliko kitabu chochote. Baada ya hapo jipe miezi miwili ya C, usijenge kitu kikubwa, andika listi yako mwenyewe inayokua ukiiongezea vitu, uombe memori kwa mkono na uirudishe kwa mkono. Siku listi yako itakapojaa ukalazimika kuomba nafasi kubwa zaidi na kuhamisha vyote, utaelewa Python inakufanyia nini kila unapoandika append. Kompyuta ya kuazima inatosha, kompaila ya gcc ni bure na haihitaji mashine ya nguvu.

Na kama una kompyuta hapo karibu leo, ingiza sys alafu iulize sys.getsizeof(1), uone itakujibu baiti ngapi. Kaka wa mtaani mwonyeshe pia, mtakuwa na cha kuongea.

SWALI

Kaka mi ni dada wa Urambo, nina mizinga ya kisasa 14 na nimesomea umeme. Nimetengeneza mizani ya kuweka chini ya mzinga, nimetumia bodi ya ESP32 na ile chipu ya HX711 ya kusoma uzito, programu nimeandika MicroPython, ile Python ndogo ya bodi kama hizi. Inapima vizuri lakini mara moja moja namba inaruka, mzinga wa kilo 31 unasoma sifuri au unasoma kilo mia na ushee, alafu inarudi kawaida. Nimebadilisha waya mara tatu. Fundi mmoja ananiambia MicroPython ina kasi ndogo, niandike kwa C. Mbona mimi napima mara moja kila robo saa, kasi ya nini?

JIBU

Dada yangu swali lako la mwisho ndo limenifurahisha, una haki kabisa, kasi huihitaji, asali haiingii mzingani kwa sekunde. Lakini fundi naye kagusa kitu bila kukieleza. Shida yako sio kasi, ni kuwahi kwa wakati, na hivo ni vitu viwili tofauti.

HX711 inasomwa kwa kuipigia pini yake ya saa mapigo 24, kila pigo inakupa biti moja, alafu unaongeza pigo moja, mawili au matatu ya kuchagua chaneli na ukuzaji. Kwenye karatasi ya maelezo yake imeandikwa, hiyo pini ikikaa juu zaidi ya maikrosekunde 60 chipu inahesabu umeizima, inalala. Sasa fikiria programu yako imepandisha pini juu, kabla haijaishusha Wi-Fi ya bodi ikadai huduma yake, au mfagia memori wa MicroPython, yule anayerudisha memori isiyotumika tena, akaingia kufagia. Maikrosekunde 60 zimepita, chipu imelala katikati ya namba, we unaendelea kusoma biti za kitu kilicholala. Ndo ile sifuri yako, ndo ile kilo mia. Waya zako nadhani hazina kosa.

Kwenye C hilo linatokea mara chache sana maana pini inapanda na kushuka ndani ya maikrosekunde moja mbili na hakuna mfagiaji, ingawa hata C ikikatizwa na Wi-Fi katikati inaweza kupatwa vilevile. Kwahiyo hata huku sikwambii uhamishe programu nzima. Kutuma ujumbe, kuhifadhi, kulala usiku kuokoa betri ya sola, viache kwenye MicroPython, vimekaa sawa. Shughulikia hicho kipande cha mapigo tu. Kwanza ita gc.collect() kabla ya kuanza kusoma ili mfagiaji amalize kazi yake asije katikati. Pili, zima intarapti, yani miito inayoikatiza programu, kwa machine.disable_irq pini inapopanda na uziwashe ikishashuka, kila pigo peke yake, usizizime kwa mapigo yote 24 maana Wi-Fi nayo ina haki yake. Tatu, fanksheni hiyo moja iwekee alama ya @micropython.native juu yake, inakompailiwa kuwa lugha ya mashine palepale kwenye bodi, umepata faida ya kompaila bila kuandika C. Ikishindikana yote ndo uandike hicho kipande kwa C na ukijenge ndani ya mfumo wa MicroPython, inaruhusiwa, ila utalazimika kukompaili mfumo wote upya, ni kazi ya siku kadhaa na bando la kutosha.

Na hata ukishatengeneza, soma mara saba kila unapopima, zipange kutoka ndogo kwenda kubwa, chukua ya katikati. Usichukue wastani, maana moja ikiruka ikasoma kilo mia itazivuta zote, ya katikati haivutwi.

Ijaribu sebuleni kwanza, weka ndoo ya maji ya lita 20 juu ya mizani, Wi-Fi ikiwa imewashwa, ipime kila sekunde tano usiku kucha na iandike kila namba kwenye faili. Asubuhi ukikuta hakuna hata moja iliyoruka ndo uipeleke porini kwa nyuki.